Kuchagua msumeno wa mnyororo wa kukatia kuni: anza na gogo, dukani uende mwisho

Kabla hujauliza bei ya mashine yoyote, chukua futi kamba uingie shambani. Pima magogo ishirini: matano manene kuliko yote, kumi ya kawaida, matano membamba. Andika vipimo hivyo kwenye karatasi. Karatasi hiyo itakufaa kuliko maneno ya muuzaji, kwa sababu muuzaji anajua mashine alizonazo dukani, ila miti yako haijui.

Nayasema haya kwa uchungu. Msumeno wangu wa kwanza ulikuwa wa cc 72 (cc ni kipimo cha ukubwa wa injini), mzito, umetoka kwa wachana mbao. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba mashine kubwa ndiyo inayodumu. Kudumu ingedumu, lakini mikono yangu ilikuwa inakufa ganzi kabla ya saa sita mchana. Jioni moja, nikiwa nimechoka hivyo hivyo, ncha ya msumeno iligusa tawi lililojificha chini ya gogo. Msumeno uliruka juu ukapita karibu na shavu la kijana aliyekuwa ananishikia gogo. Hakuumia. Usiku ule usingizi haukuja, na wiki iliyofuata mashine ile niliiuza.

Kazi yangu ni kuni: miwati na milingoti (mikaratusi) ya Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Ninayoyaandika hapa ni ya mtu mwenye kazi kama hiyo, anayekata vipande vya kuni kwa ajili ya nyumba yake, jirani, mama lishe au mchoma matofali. Anayechana mbao ana mahitaji mengine kabisa. Tanzania wengi tunaiita chensoo, Kenya wanasema pawa soo. Mimi nitasema msumeno, au mashine.

Hatua ya 1: Jua unakata nini, na kiasi gani

Mti uliosimama au gogo lisiloonekana ncha zake, zungushia futi kamba upate mzingo, kisha gawa kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 94 ni unene wa sentimita 30. Kwangu miwati mingi ina sentimita 10 hadi 20, na milingoti 15 hadi 35. Gogo la sentimita 50 ninakutana nalo mara chache, na hilo nalikata kwa kuingilia pande mbili. Kosa linaloumiza wengi ni kununua mashine kwa ajili ya gogo moja nene la mwaka mzima, halafu siku nyingine zote unabeba uzito usioutumia.

Aina ya mti nayo ina neno lake. Mlingoti ukatwe na upasuliwe ukiwa mbichi. Ukikauka unakuwa kama mfupa, na mnyororo unabutuka mapema. Mwati ni mgumu lakini mnyoofu, na hauna shida ukiutoa maganda yaliyobeba udongo. Mgunga mkavu wa kule kwenye joto unataka mnyororo mkali na subira. Mnazi ndio adui mkubwa wa meno ya msumeno: sehemu yake ya nje ni nyuzi ngumu zenye chembe kama za mchanga, na ukiwa pwani unakata minazi mizee, jiandae kunoa mara nyingi kuliko mtu yeyote wa bara. Mpaini hausumbui, ila utomvu wake huganda kwenye baa, yaani upanga unaobeba mnyororo, na lazima uufute.

Halafu kiasi. Anayekata pikapu moja ya kuni kwa mwezi kwa matumizi ya nyumbani hahitaji mashine sawa na anayekata siku nne kwa wiki. Na kama unanunua kwa biashara, angalia soko linaelekea wapi kabla hujatoa hela. Serikali ya Tanzania iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Mtu aliyekuwa anategemea shule na magereza peke yake afanye hesabu upya. Wateja wadogo bado wapo, lakini wanataka kuni fupi, zilizopasuliwa na kukauka, na kazi hiyo inafaa msumeno wa kati kuliko mkubwa.

Hatua ya 2: Soma cc, kilowati na kilo kwa pamoja

Msumeno wa kati, kwa kipimo changu, ni ule wenye injini ya cc 45 hadi 60. Chini ya hapo ni mashine ya kupogolea na kazi za bustani, itachemka ukiibana na milingoti kutwa. Juu ya hapo unaingia kwenye mashine za kuangusha miti mikubwa na kuchana mbao.

Cc peke yake haisemi kila kitu. Tazama mfano huu wa mashine mbili za Stihl zenye injini ya ukubwa ule ule wa cc 50.2. MS 271 ina nguvu ya kilowati 2.6 na uzito wa kilo 5.6. MS 261 ina karibu kilowati 3, na uzito wake ni kilo 4.9 tu. Ya kwanza ni ya mkulima, ya pili ni ya mtu anayekula kwa msumeno, mwili wa injini yake ni wa magnesi, na bei yake iko juu zaidi. Kwa hiyo uliza vitu vitatu kwa pumzi moja: cc ngapi, kilowati ngapi, kilo ngapi. Muuzaji akijibu kimoja tu, omba kitabu cha mashine usome mwenyewe.

Uzito unaoandikwa kitabuni ni wa mashine tupu, bila baa, bila mnyororo, bila petroli. Mashine ya kilo 5.6 ukiifunga baa ya sentimita 40, ukajaza petroli na oili, inavuka kilo 7. Kilo hizo utaziinua na kuzishusha mara mia kadhaa kwa siku. Dukani, shika mashine kwa mikono miwili, inamishe kama unakata gogo lililoko chini, hesabu hadi sitini, kisha rudia. Mgongo utakupa jibu.

Sasa jambo ambalo sijawahi kusikia muuzaji akimweleza mteja: urefu kutoka usawa wa bahari. Injini ya petroli hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Mji wa Njombe uko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Maana yake msumeno wa cc 45 unaokata vizuri Tanga, huku kwetu unafanya kazi kama umepungukiwa karibu moja ya tano. Ndiyo sababu mtu wa pwani nitamwambia cc 45 zinatosha, na mtu wa Njombe, Mufindi, Limuru au Kericho nitamwambia atafute cc 50 hadi 55.

Kwenye kundi hilo utakutana na Stihl MS 250 (cc 45.4, kilowati 2.3, kilo 4.6), ambayo ni nyepesi na inafaa kazi ya nyumbani. Utakutana na MS 291 (cc 55.5, kilowati 2.8, kilo 5.6), na Husqvarna 455 Rancher (cc 55.5, kilowati 2.6, kilo 5.8). Hizi mbili za mwisho ndizo ninazoziona zinafaa mtu wa kuni za kuuza huku milimani. Kama mfuko unaruhusu, MS 261 inakata kama hizo na inakupunguzia mzigo mkononi.

Halafu zipo mashine za bei nafuu kutoka China zenye namba 5200 na 5800, zinazodaiwa kuwa cc 52 na cc 58. Sitamkataza mtu mwenye kazi ndogo na fundi wa karibu. Lakini namba iliyobandikwa usiiamini hadi uipime. Ukubwa wa injini unahesabika: kipenyo cha silinda mara chenyewe, mara 0.785, mara urefu ambao pistoni inasafiri, vyote kwa sentimita. Mfano, silinda ya MS 291 ina kipenyo cha sentimita 4.7 na pistoni inasafiri sentimita 3.2. Sentimita 4.7 × 4.7 × 0.785 × 3.2 unapata 55.5. Vipimo hivyo kama vimo kwenye kitabu cha mashine, piga hesabu pale pale dukani kwa simu yako. Jibu lisipolingana na namba ya ubavuni, umeshajua unazungumza na nani.

Za betri sitazizungumzia sana. Zipo nzuri, zina kelele kidogo, lakini kwa anayekata mbali na umeme kutwa nzima bado petroli ndiyo yenye msaada.

Hatua ya 3: Chagua baa fupi inayotosha

Baa ni ule upanga wa chuma unaobeba mnyororo. Kwa msumeno wa kati chukua inchi 16, yaani sentimita 40. Inchi 18 ni mwisho. Baa ndefu inaonekana ya kazi, lakini inavuta nguvu ya injini, inataka oili nyingi, meno ya kunoa yanaongezeka, na ncha yake inakuwa mbali na macho yako, mahali ambapo ajali huanzia. Baa ya sentimita 40 inakata gogo la sentimita 35 kwa mkato mmoja, na ukiingia pande mbili inamaliza la 60.

Mnyororo unatambulika kwa mambo matatu, na yote matatu lazima yalingane na baa. La kwanza ni hatua ya mnyororo, yaani nafasi kati ya viungo vyake: kwenye mashine za kati utakuta 0.325 au 3/8, vipimo vya inchi. La pili ni unene wa vile vipande vya chini vinavyoingia kwenye mfereji wa baa: milimita 1.3, 1.5 au 1.6. La tatu ni idadi ya vipande hivyo. Usiende dukani ukasema tu "nipe mnyororo wa inchi 16", maana baa mbili za inchi 16 moja inaweza kuchukua vipande 60 na nyingine 67. Namba hizi huwa zimepigwa kwenye baa karibu na injini. Zipige picha kwa simu ukae nazo.

Kwa kuni mimi napendelea 0.325 kwenye cc 50. Meno yake ni madogo kidogo, inakata laini, haikurushirushi. 3/8 ina meno makubwa, inadumu zaidi kwenye uchafu, na inafaa kuanzia cc 55 kwenda juu.

Kuna habari ya jino hili ninayoipenda. Mwaka 1946 mkata miti wa Oregon, Marekani, aitwaye Joseph Buford Cox, alimwona buu wa mdudu akitafuna kisiki. Buu yule hakuwa anachimba kwa kunyooka, alikuwa anakata kushoto na kulia, kushoto na kulia. Cox akatengeneza mnyororo wenye meno yanayopokezana hivyo hivyo, na mwaka 1947 akaanza kuuuza. Utazame mnyororo wako: jino moja linaelekea kushoto, linalofuata kulia. Ukinoa upande mmoja ukauacha mwingine, msumeno utakata kwa kupinda, na utaishia kulaumu baa isiyo na kosa.

Hatua ya 4: Tafuta spea kabla ya mashine

Hapa ndipo ningekaa nawe muda mrefu kama ungekuwa mbele yangu. Msumeno hauli petroli na oili tu. Unakula minyororo, tupa, plagi, kichujio cha hewa, kamba ya kuwashia, gia inayozungusha mnyororo, mipira ya mafuta na vifaa vya ndani ya kabureta. Vitu hivyo visipopatikana kwenye mji unaoufikia kwa bodaboda, mashine yako itakaa stoo miezi miwili kwa ajili ya kamba.

Fanya hivi. Siku ya gulio nenda kwenye mji wako wa karibu, iwe Makambako, Mafinga, Nyeri au Eldoret, uingie maduka matatu ya spea. Usiulize mashine. Uliza mnyororo wa modeli unayoifikiria, uliza plagi yake, uliza kabureta. Andika nani anacho na bei gani. Kisha mtafute fundi anayetengeneza misumeno, umuulize: mashine gani zinakuja kwako mara nyingi, na zinakuja na ugonjwa gani? Fundi hana sababu ya kukudanganya, kwa sababu kesho atakutana nawe tena. Modeli yenye spea kwenye maduka mawili kati ya matatu ndiyo ya kununua, hata kama nyingine ina sifa nzuri zaidi kwenye karatasi.

Spea feki zipo, na mnyororo feki ndio wa hatari zaidi. Nimeshashika mnyororo uliofungwa kwenye boksi la rangi sahihi na maandishi sahihi, ukakatika siku ya pili. Mnyororo wa kweli una alama ya mtengenezaji iliyopigwa kwenye chuma chenyewe, na viungo vyake vinacheza kwa ulaini ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Uninginize kidoleni, upitishe taratibu. Kiungo kikikaza, urudishe.

Hatua ya 5: Kagua vinavyokulinda

Mambo haya usiyauze kwa punguzo la bei.

Breki ya mnyororo, ile ngao ya mbele ya mkono wa kushoto. Isukume mbele, mnyororo usisogee hata kidogo; ivute nyuma, mnyororo uachiwe. Kazi yake ni kusimamisha mnyororo pale msumeno unaporuka. Na unaruka hivi: robo ya juu ya ncha ya baa ikigusa kitu, mnyororo unajaribu kupanda juu yake, na baa nzima inarudi kwenye uso wako kwa kasi ambayo huwezi kuikwepa. Mashine nyingi kubwa za zamani zinazozunguka vijijini hazina breki hii kabisa. Mashine isiyo na breki usiinunue hata kwa bei ya sungura.

Spring au mipira ya kuzuia mtetemo, kati ya injini na mishikio. Mtetemo wa miaka unaharibu mishipa ya damu ya vidole. Asubuhi ya baridi vidole vinageuka vyeupe na kupoteza hisia, na hali hiyo ikishakomaa hairudi nyuma. Shika mishikio, sukuma injini, usikie inacheza kidogo. Kisha kuna kifungo cha usalama juu ya mshikio wa nyuma, kinachozuia kupiga resi kwa bahati mbaya, na ndoano ndogo ya chini inayoudaka mnyororo ukikatika. Tazama vyote vipo.

Hatua ya 6: Iwashe kabla ya kulipa

Mashine ikiwa ya baridi, vuta chokoo, vuta kamba. Mashine nzuri inajibu ndani ya mivuto mitano au sita. Iache ipate moto, kisha iachie kwenye sailensa, yaani bila kupiga resi: injini ingurume bila kuzima, na mnyororo usimame tuli. Mnyororo ukizunguka kwenye sailensa, ama haijarekebishwa, ama klachi ina tatizo.

Halafu jaribu oili. Elekeza ncha ya baa kwenye karatasi nyeupe au kisiki kikavu, umbali wa shubiri moja, piga resi sekunde kumi. Mstari mwembamba wa oili utaonekana. Usipouona, pampu haifanyi kazi au njia imeziba, na baa itaungua.

Kwa mashine ya mtumba kuna mambo mawili zaidi. Ishike kwa kamba yake ya kuwashia, swichi ikiwa imezimwa, uiachie ining'inie. Ikishuka taratibu kwa vituo vituo, mgandamizo upo. Ikiporomoka moja kwa moja, pistoni au ringi zimekwisha. La pili, mwombe mwenye mashine afungue eksozi, ni skrubu mbili au tatu tu. Mulika kwa tochi ya simu ndani ya tundu uone ubavu wa pistoni. Unatakiwa kung'aa na kuwa laini. Ukiona mikwaruzo ya wima kama iliyopigwa kwa msasa, mashine iliwahi kuendeshwa bila oili ya kutosha, nawe utalipia kosa hilo. Anayekataa eksozi isifunguliwe, mshukuru uende zako.

Hatua ya 7: Makaratasi

Dai risiti, na namba ya mashine ile ile iliyopigwa kwenye chuma iandikwe kwenye risiti. Tanzania, misumeno ya mnyororo husajiliwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na ukikutwa nao msituni bila usajili na kibali utaupoteza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inagusa pia kuvuna na kusafirisha, kwa hiyo hata kuni za shamba lako mwenyewe zikipanda gari, ulizia kwanza hati ya kusafirishia. Aliyeko Kenya aanzie ofisi ya Huduma ya Misitu, KFS, ya kaunti yake. Fanya hili kabla ya kununua, kwa sababu ofisa atakwambia anataka karatasi gani kutoka dukani.

Hatua ya 8: Usimalize hela kwenye mashine

Tenga robo ya fedha yako kwa vitu vingine. Kofia ngumu yenye kinga ya uso na masikio, maana mlio wa msumeno sikioni unavuka desibeli 100. Buti ngumu za chuma mbele. Suruali ya kukatia, ambayo ndani ina tabaka la nyuzi ndefu: mnyororo ukigusa, nyuzi zinachomoka na kujisokota kwenye gia hadi mnyororo unasimama. Suruali hiyo ni ghali na si kila mji unayo. Niliiagiza Dar es Salaam, nikaivaa mwaka mzima nikilalamikia joto lake, hadi nilipoona mpasuko mdogo pajani uliojaa nyuzi nyeupe. Tangu siku hiyo joto sijalilalamikia tena.

Ongeza minyororo miwili ya akiba, tupa mbili za kipimo chake, kabari mbili za plastiki au mbao, na dumu la petroli lenye alama za vipimo.

Hatua ya 9: Wiki ya kwanza

Injini hizi ni za mipigo miwili, oili inachanganywa kwenye petroli. Mashine nyingi za kati zinataka 1 kwa 50: lita 5 za petroli kwa mililita 100 za oili maalumu ya tu-stroki. Pima kwa kikombe chenye alama au bomba la sindano kubwa. Usikadirie kwa kifuniko cha chupa. Mimina oili na nusu ya petroli kwanza, tikisa, kisha jaza iliyobaki. Mchanganyiko usizidi mwezi. Tangi la nusu lita linakupa kama dakika 30 hadi 45 za kukata, na oili ya mnyororo inatakiwa iwe imekaribia kuisha petroli inapoisha. Ikibaki nyingi, ujue haitoki.

Kwenye tangi la oili ya mnyororo wengi wanatia oili chafu iliyotolewa kwenye injini za magari. Naomba uache. Ina chembe za chuma zinazokwangua baa na pampu, ina sumu, na yote inaishia kwenye ngozi yako, kwenye kuni zitakazopikia chakula, na kwenye udongo. Kama oili maalumu haipatikani, tumia oili mpya ya injini.

Kama umenunua mashine Dar es Salaam ukaileta milimani, itatoa moshi na kukata kivivu, kwa sababu kabureta ilirekebishwa kwa hewa nzito ya pwani. Fundi ataikaza kidogo skrubu ya kabureta yenye herufi H kuelekea kulia. Hatari kubwa iko upande wa pili: mashine iliyorekebishwa Njombe ukiishusha pwani bila kuirudisha skrubu hiyo, petroli inakuwa pungufu, injini inachemka, pistoni inakwama. Baadhi ya mashine mpya hujirekebisha zenyewe, soma kitabu.

Mnyororo mpya unalegea. Kata dakika kumi, zima, uache upoe, ukaze tena. Kipimo ni kuuvuta juu kwa vidole katikati ya baa: uinuke kidogo, ukiuachia ushike baa, na bado uuzungushe kwa mkono bila kukwama.

Kisha kunoa, jambo litakaloamua kama utaifurahia mashine uliyoichagua. Tazama kinachotoka kwenye mkato. Mnyororo mkali unatapika vipande bapa, vinene kama maganda ya mbegu za boga. Vikigeuka kuwa vumbi kama unga wa sembe, simama hapo hapo. Usiongeze mkandamizo. Funga baa kwenye kisiki, vaa glavu, chukua tupa ya duara: milimita 4.8 kwa mnyororo wa 0.325, na 5.2 au 5.5 kwa 3/8 kulingana na mtengenezaji. Weka tupa kwenye pembe ya nyuzi 30 na usukume kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwenda tu, bila kuvuta kurudi. Misukumo mitatu, jino linalofuata la upande huo. Ukimaliza mzunguko, hamia upande wa pili kwa idadi ile ile ya misukumo. Jino lililonoleka halina mstari mweupe unaong'aa kwenye ukingo wake. Mwanga ukirudi kutoka kwenye ukingo, bado ni butu. Baada ya kunoa mara nne au tano, pima kile kinundu kilicho mbele ya kila jino: kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65, ukipunguze kwa tupa bapa. Ukikikata kupita hapo, jino litauma kuni kwa pupa na msumeno utaanza kuruka.

Mimi hunoa kila ninapojaza tangi. Dakika saba, injini imepoa, mgongo umepumzika, na vijana wamepata muda wa kupanga kuni.